Mbegu za maharage dukani: ipi inamshinda mdudu, na mdudu yupi?

Mwombe muuza pembejeo mbegu ya maharage "isiyoliwa na wadudu", hatakosa cha kukupa. Atashusha pakiti rafuni, ataweka kidole kwenye neno "inastahimili", na bei atakutajia hapo hapo. Geuza pakiti usome sentensi mpaka mwisho wake. Mara nyingi utakuta kutu, chule, madoa pembe, baka bakteria, pengine na batobato. Yote hayo ni magonjwa. Inzi anayechimba shina hayumo, na fukusi anayetoboa punje gunia likiwa limeshashonwa hayumo pia.

Tathmini hii inaziangalia mbegu za maharage za Tanzania kwa upande wa mdudu tu. Ladha, mchuzi na bei ya sokoni tumeviacha nje, ingawa ndivyo vinavyomfanya mtu apande Njano Uyole hata akishauriwa vingine. Zilizo mezani ni Lyamungo 90, Jesca na Selian 97 za kanda ya kaskazini, Rojo na SUA 90 za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro, Njano Uyole ya Mbeya, na mgeni mmoja asiyeuzwa kwenye pakiti ambaye ndiye mwenye habari kubwa.

Kwanza tuelewane maneno. Aina kinzani humuua mdudu au humzuia asizaliane. Aina stahimilivu huliwa kama nyingine, ila hupona na kuzaa. Madukani maneno haya mawili yanatumika kana kwamba ni mamoja, na hapo ndipo pesa ya mkulima inapopotelea.

Ghalani: fukusi wawili, mbegu sita, jibu moja

Wanaobungua maharage ni wa aina mbili, na kinachomfaa mmoja si lazima kimfae mwenzake.

Wa kwanza ni Acanthoscelides obtectus, fukusi wa nyanda za baridi: Mbeya, Njombe, Lushoto, miteremko ya Kilimanjaro. Ana milimita tatu hadi nne, rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijani cha zeituni. Huyu haanzii ghalani. Jike huruka mpaka shambani maganda yakianza kukauka, hutafuna tundu kwenye mshono wa ganda na kuingiza mayai humo. Ndiyo maana mtu huvuna maharage masafi kwa macho, akayaweka kwenye gunia jipya ndani ya chumba kilichofagiliwa, na baada ya wiki sita anakuta unga chini ya gunia. Akishafika ghalani hutaga mayai ovyo katikati ya punje, bila kuyagandisha popote. Buu akianguliwa hutembea kutafuta mahali pa kutoboa.

Wa pili ni Zabrotes subfasciatus, mpenda joto. Ni mdogo zaidi, milimita mbili na kidogo. Jike ni mweusi mwenye mabaka meupe mgongoni. Dume ni mdogo, wa kijivu-kahawia asiye na mabaka ya wazi. Yeye hugandisha yai juu ya ngozi ya punje, na ukiliangalia juani linaonekana kama tone dogo la chokaa. Buu hutoboa moja kwa moja kutoka chini ya ganda la yai lake, hatembei.

Kwenye joto la nyuzi 27 hadi 30, kizazi kimoja huchukua kama mwezi. Fukusi mzima hali maharage. Anayekula ni buu, ndani, usipomwona. Dalili ya mwisho kabla hajatoka ni kidirisha cha mviringo kwenye ngozi ya punje, kama alama ya kalamu iliyobonyezwa. Kisukume kwa ukucha, kitafunguka kama kifuniko.

Sasa hukumu ya mbegu sita: dhidi ya fukusi hawa, zote zimeanguka. Utasikia kwamba fulani "inachelewa kubunguliwa". Hapo mara nyingi kuna ukubwa wa punje tu. Punje kubwa ya Lyamungo 90 inaweza kulea mabuu kadhaa kwa pamoja, ndogo hulea wachache, basi ya punje kubwa inaonekana imechakaa zaidi. Huo si ukinzani. Subiri kizazi cha tatu, zote zitafika mahali pamoja.

Anguko hilo si uzembe wa watafiti wa Selian, Uyole au SUA. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha CIAT, Kolombia, kilipima zaidi ya aina 4,000 za maharage yanayolimwa na hakikupata ukinzani wa kutosha. Kilichotafutwa kilikutwa nje ya shamba, kwenye maharage mwitu ya Meksiko yenye vipunje vidogo visivyovutia mtu yeyote wa sokoni. Ndani yake kuna protini iitwayo aselini. Buu huingia kwenye punje kama kawaida, hula, kisha hushindwa kukua: wengi hufa, wachache huchelewa na kutoka wakiwa wadogo.

CIAT ilizalisha mistari ya RAZ, yaani koo za kuzalishia mbegu, kwa kuingiza aselini ya kwanza (zipo za aina kadhaa, hutajwa kwa namba) kwenye maharage ya kulimwa. Dhidi ya Zabrotes, yule wa joto, matokeo yake ni mazuri mno. Dhidi ya Acanthoscelides ni hafifu. Kwa mkulima wa pwani au bondeni hiyo ni habari njema. Kwa wa Njombe ni nusu habari. Ukiambiwa mbegu fulani "ina aselini", uliza ya ngapi na imepimwa kwa fukusi yupi.

Kwamba punje inaweza kujilinda si ajabu, na kila jiko lina ushahidi. Fukusi wa kunde akiwekwa kwenye maharage ya kawaida hazaliani, hata kama gunia la kunde na la maharage yamekaa bega kwa bega mwaka mzima. Maharage yana protini inayozuia kimeng'enya cha kumeng'enya wanga tumboni mwake. Fukusi wa maharage ameshaizoea kinga hiyo, ndiyo maana imebidi kumtafutia nyingine.

Mgeni mwenye jina la namba ya lori

Anaitwa AO-1012-29-3-3A. SUA ilimzalisha kwa kushirikiana na watafiti wa Marekani, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, na alisajiliwa mwaka 2016. Upande mmoja wa ukoo wake ni Rojo, maharage mekundu ya SUA. Upande wa pili ni tepari mwitu G40199, jamaa wa mbali wa maharage anayestahimili ukame, na damu yake ilipitishwa kwanza kwenye aina ya ICA Pijao ili kuvuka daraja. Kutoka kwa tepari huyo alipata kundi zima la protini za kujilinda: aselini, lektini na kizuizi cha kimeng'enya cha wanga. Punje zake ni nyekundu zenye umbo la figo. Juu ya fukusi anakinza pia virusi viwili vya batobato, kile cha kawaida na kile kinachokausha mishipa na kuweza kuua mmea mzima.

Ubora wake mkubwa ni kwamba anamkabili Acanthoscelides, ambaye mistari ya RAZ ilimshindwa. Kwa mkulima wa nyanda za juu huyu ndiye wa kumfuatilia.

Kasoro zake zisemwe pia. Kwanza, amesajiliwa kama mzazi wa kuzalishia aina nyingine, hakutolewa kama mbegu ya pakiti yenye jina la biashara. Mtu akikuuzia "mbegu ya SUA isiyobunguliwa" kwenye kiroba kisicho na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, anakuuzia maneno. Pili, kinga yake imo ndani ya punje. Shambani inzi wa maharage humchimba kama jirani yake. Tatu, kinga hii hufa kwa kuchanganywa. Maharage hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mkulima anaweza kujiwekea mbegu kwa misimu kadhaa bila damu kubadilika sana. Tatizo ni sakafu ya kupuria. Pura kinzani na Selian 97 kwenye turubai moja, na gunia litakalopatikana litakuwa na punje za kutosha kulea fukusi wa kudumu. Hata zile kinzani zitatobolewa na mabuu wanaojaribu, na mnunuzi akiona tundu hataki maelezo ya protini.

Swali linaloulizwa kila mara: kinachoua fukusi hakitatuua sisi? Lektini zimo kwenye maharage yote mekundu unayokula tangu utoto, na moto huziharibu. Loweka usiku, mwaga maji, chemsha kwa moto wa kutokota kweli kweli, kisha endelea mpaka yaive. Hatari iko kwenye maharage nusu mabichi na kwenye kuwamwagia kuku au nguruwe punje mbichi, iwe ni aina hii au nyingine yoyote.

Kupima mwenyewe: chupa, kitambaa na daftari

Kikundi cha wakulima au afisa ugani anaweza kupima dai la muuzaji kwa gharama ndogo kuliko pakiti moja ya mbegu. Njia hii ni ile ya maabara, iliyorahisishwa kidogo.

Chagua punje 50 nzima za kila aina kwa kila chupa, chupa tatu kwa kila aina. Lazima iwemo aina moja inayojulikana kuliwa, mfano Lyamungo 90, iwe shahidi. Bila shahidi hujapima kitu. Punje zote zikae kwenye friza wiki nzima ndani ya mfuko uliofungwa ili kuua chochote kilichotoka nacho shambani, na mfuko usifunguliwe mpaka upate joto la chumba, la sivyo unyevu utatonea kwenye punje. Kama friza haipo, zikae kwenye chupa siku 45, kisha tupa zote zenye kidirisha au tundu.

Kwa Zabrotes weka majike saba na madume saba kwenye kila chupa. Kwa Acanthoscelides maabara huweka mayai 100 yaliyohesabiwa, mawili kwa kila punje. Bila darubini ya mkononi kazi hiyo ni mateso, basi weka fukusi 20 waliotoka ndani ya siku mbili na ukubali kwamba kipimo chako ni cha kukadiria. Funika mdomo wa chupa kwa kitambaa chepesi na raba bendi. Usitumie kifuniko kisichopitisha hewa: kitawaua fukusi kwa kukosa pumzi na utaisifu mbegu kwa kazi ya kifuniko. Weka chupa kwenye sinia lenye maji kidogo, kwa sababu sisimizi wakiwapata fukusi jaribio limekwisha.

Baada ya siku 14 watoe wazee wote, wazima na wafu. Kuanzia siku ya 25 fungua kila baada ya siku mbili, hesabu waliotoka, watoe, andika. Endelea hadi siku ya 75. Shahidi kwenye joto la kutosha atamwaga fukusi wengi kati ya siku ya 30 na ya 40. Aina kinzani itatoa wachache, itawatoa kwa kuchelewa, mara nyingi baada ya siku ya 50, na utawaona ni wadogo. Ukimaliza hesabu siku ya 40 kwa haraka, aina inayochelewesha tu itaonekana sawa na inayoua.

Mahali wengi wanapokosea ni mayai. Wanafungua chupa wiki ya pili, wanaona ngozi ya punje imejaa vitone vyeupe, wanatupa mbegu nzuri. Jike hajui kwamba punje ina sumu. Hutaga kama kawaida. Kinachohesabiwa ni watoto waliotoka.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu hutoa mshindi wa uongo. Mbegu nyingi za pakiti zimepakwa dawa, ndiyo ile rangi nyekundu au ya kijani inayobaki vidoleni. Fukusi atakufa juu yake siku ya kwanza, na wewe utaandika "kinzani". Pima mbegu isiyopakwa, au mavuno ya kwanza ya mbegu hiyo. Na ukipimia Njombe mwezi wa Juni, chumba chenye joto la nyuzi 15 kitachelewesha kila kitu, shahidi naye. Sogeza chupa karibu na jiko au subiri Oktoba.

Shambani: inzi wa maharage

Huyu ndiye anayeua mche kabla hujapalilia. Ni inzi mdogo mweusi anayeng'aa, milimita mbili hivi. Mche ukitoa majani mawili ya kwanza, jike hutoboa vijitundu upande wa juu wa jani karibu na kikonyo na kutaga. Funza huchimba kupitia mshipa wa jani, kikonyo, kisha hushuka na shina mpaka shingo ya mzizi, na hapo hugeuka pupa chini ya ganda. Shina huvimba na kupasuka usawa wa udongo, majani huwa ya njano, mche hulala. Mkulima husema jua limezidi. Ng'oa miche 20 iliyonyauka ikiwa na wiki tatu, pasua shingo ya mzizi kwa wembe, hesabu pupa. Wale weusi ti ni Ophiomyia spencerella, wale wa kahawia ni Ophiomyia phaseoli. Kwa mkulima dawa ni ile ile.

Hapa neno la haki ni "ustahimilivu". Mistari iliyofanya vizuri kwenye majaribio ya Afrika Mashariki, kama Mlama 49, Mlama 127 na G22501, imeendelea kutumika kama wazazi. Jambo la kuangalia kwa mche wenye moyo huo ni mizizi ya ziada. Funza akishaharibu shingo, mche huchipua mizizi mipya juu ya jeraha na kuanza kunywa upya. Aina isiyo na tabia hiyo hukauka ndani ya siku chache.

Kwa zile sita za dukani, usinunue hata moja ukitegemea imlinde na inzi. Kwa kawaida aina fupi zinazokomaa haraka zina muda mfupi wa kupona kuliko zinazoendelea kurefuka na kutoa maua kwa awamu. Zikipigwa wiki ya tatu, msimu wao umekwisha nusu. Pakiti ikisema "siku 75", isome pia kama "haina siku za kupoteza".

Uzuri ni kwamba uwezo huo wa kuchipua mizizi unaweza kusaidiwa kwa jembe. Siku ya 14 hadi ya 21 pandishia udongo kuzunguka shina, ufunike mpaka chini kidogo ya majani ya kwanza. Mizizi ya ziada haichipui hewani. Inataka udongo wenye unyevu juu ya jeraha. Ukipandishia siku ya 35 umepalilia tu. Panda mvua zinapoanza, kwa sababu inzi huongezeka shamba baada ya shamba na aliyechelewa hupokea wa majirani wote. Samadi au mbolea ya kupandia husaidia, si kwa kumfukuza inzi, ila mche ulioshiba hutoa mizizi upesi.

Njia ya uhakika zaidi leo ni mbegu iliyopakwa dawa ya imidaklopridi au thiamethoksamu. Hulinda wiki tatu hadi nne za mwanzo, ndizo hizo hizo inzi anazozitaka. Ukipaka mwenyewe, kipimo ni cha kwenye lebo, glavu mkononi, na mbegu iliyobaki hairudi jikoni hata ikioshwa mara kumi.

Vidukari, na mende wa majani

Ukinzani wa batobato kwenye lebo unastahili heshima yake, kwani virusi hivyo husambazwa na vidukari. Mbegu kama Rojo haimzuii kidukari kukaa, inazuia alichobeba kisimharibu mmea. Vidukari wakijaa kwenye ncha changa bado wanafyonza na kudumaza, lakini hasara hushuka sana. Ukiwa unaweka mbegu zako mwenyewe mwaka hadi mwaka, hii ndiyo sifa ya kulipia kwanza, maana batobato husafiri pia ndani ya mbegu.

Mende wa majani, Ootheca, hana mbegu ya kumzuia inayouzwa. Hutoka udongoni na mvua za masika, hutoboa majani mpaka yabaki mishipa, na watoto wake hula mizizi chini. Hubadilishiwa zao: mahindi au alizeti msimu mmoja, na shamba lilimwe mara baada ya kuvuna ili walio chini wapigwe na jua. Usimpe muuza mbegu pesa kwa ajili yake.

Mfuko dhidi ya mbegu

Kwa kuwa mbegu sita zote zimeanguka ghalani, mshindani wao wa kweli yuko rafu ya pili ya duka hilo hilo: mfuko usiopitisha hewa wa PICS, wenye plastiki mbili ndani na kiroba nje. Fukusi na mabuu humaliza hewa ya ndani na kuacha kula. Kwa leo, Lyamungo 90 ndani ya mfuko huo inalindwa vizuri kuliko aina yoyote ya dukani nje yake.

Mfuko hushindwa kwa sababu zile zile kila mwaka. Maharage hayakukauka: chukua chupa kavu ya kioo, jaza robo kwa punje, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika chache, acha itulie, chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha juani. Au plastiki zimefungwa pamoja kwa fundo moja: funga ya ndani peke yake kwa kuisokota, kuikunja na kuikaza kamba, kisha ya pili, kisha kiroba. Au umefunguliwa wiki ya pili kutoa maharage ya mboga. Usiguse kabla ya wiki nne hadi sita. Maharage ya kula yakae kwenye chombo kingine.

Asiye na mfuko, na anayesumbuliwa na Acanthoscelides, ajaze debe nusu na kulilaza na kulibingirisha mzunguko mzima asubuhi na jioni. Buu mchanga huhitaji kama siku nzima kujiegemeza kwenye punje ya jirani ili atoboe. Ukimvuruga kila mara hufa kwa kuchoka. Haimsaidii mwenye Zabrotes, ambaye yai lake limegandishwa.

Nunua nini

Unayeuza yote ndani ya wiki nne baada ya kupura: fuata soko, chukua Jesca, Lyamungo 90 au Njano Uyole, lakini iwe imepakwa dawa dhidi ya inzi. Unayejiwekea mbegu sehemu zenye vidukari vingi: Rojo. Unayetunza gunia mpaka Februari kusubiri bei: yoyote kati ya hizo pamoja na mfuko, na hesabu bei ya mfuko kama sehemu ya bei ya mbegu. Kikundi au ushirika unaotaka ukinzani wa kweli wa ghalani uandike SUA, uombe majaribio ya mistari iliyotokana na AO-1012, na utenge turubai lake la kupuria.

Kwa nafasi ya sentimita 50 kwa 20, punje mbili shimoni, ekari moja hula punje 80,000 hivi. Aina yenye gramu 45 kwa punje 100 ni kilo 36. Yenye gramu 25 ni kilo 20. Kabla hujalipa, omba muuzaji amimine kiganja kimoja kwenye karatasi nyeupe. Punje yenye kidirisha ikionekana hata moja, rudisha pakiti na uombe ya tarehe nyingine.